Udongo wa Shimo la Saba

Mpima udongo wa kambi yetu, nje kidogo ya mji wa Merredin, ni mama mfupi ambaye kucha zake ni nyeupe kwa vumbi hata siku ya Krismasi. Mashine ya kuchoronga ikileta udongo mweupe juu, haendi kwanza kwenye vipimo vyake. Humega kipande, akakitia kati ya meno ya mbele, akafumba macho na kutafuna polepole. Ukiwa laini, unafaa kutengenezea vyombo vya kauri. Ukikwaruza, una mchanga. Kisha hugeuka pembeni, akatema kwa adabu na kuandika. Sisi wachorongaji humuuliza, "Mama, tukuletee chumvi?" Naye hujibu, "Nileteeni kwanza udongo wa maana."

Juma lililopita bosi wetu, Fenwick, alimleta mnunuzi na kumwambia udongo wa shimo la saba ni safi tupu. Tulitazama viatu vyetu, maana ajira zetu zilimtegemea mgeni huyo.

"Lina mchanga," mama akasema.

"Mchanga gani? Hii ni siagi."

Mama akamkabidhi Fenwick donge. "Basi onja."

Mgeni alikuwa anamtazama, kwa hiyo Fenwick akatafuna. Sote tulisikia, kwaru, kwaru, kama mtu anayetembea juu ya kokoto.

"Laini," akasema, machozi yakimlengalenga.

Mnunuzi akamgeukia mama. "Hakuna shimo jingine?"

Mama akampa Fenwick maji kwanza, ndipo akajibu, "Lipo la kumi na moja. Udongo wake nilisahau kutema."