Mti na Chuma Katika Nira Moja

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, jua la Nyarugusu likiwa halijaanza ukali wake, nami nimesimama juu ya reli, kifua kimenijaa kama cha jogoo. Nilikuwa kijana. Mbele yangu yalilala mataruma ya chuma niliyoyabuni na kuyachomelea kwa mikono yangu mwenyewe, na Mama Minza alikuwa anakuja njiani na fimbo yake ya ng'ombe. Nilimngoja kwa hamu. Nilikuwa na habari njema ya kumpa, na moyoni nilikwisha kuzisikia shukrani zake.

Lakini subiri kwanza nikueleze taruma, maana ninyi wa leo mnaivuka reli kwa bodaboda wala hamtazami chini. Taruma ndilo lile gogo linalolala kukingama chini ya reli mbili na kuzishika zisiachane. Mimi nimezaliwa Shinyanga mjini, kwenye nyumba za karibu na stesheni. Babu yangu alikuja kutoka Pangani na biashara ya nguo, akaoa huku huku, nasi wajukuu zake tukakua tunaruka taruma hadi taruma tukienda madrasa. Yale ya stesheni yalikuwa ya chuma, ya tangu enzi za wakoloni. Niliyakanyaga utoto wangu wote. Nilichokijua, hata hivyo, ni mgongo wake tu. Tumbo lake lilikuwa limefukiwa kwenye kokoto, na sikuwahi kujiuliza limekaaje.

Nilipojua kuchomelea nilikwenda Nyarugusu, upande wa Geita, kutafuta riziki kama vijana wengine. Pale palikuwa na ushirika wa wachimbaji wenye duara, yaani shimo la dhahabu, na kutoka kwenye mdomo wa duara walikuwa wametandika kijireli cha kupitishia toroli la mawe hadi kwenye karasha ya kuyasagia. Kijireli kile kilishuka mteremko na kupinda mara moja karibu na kichuguu. Mataruma yake yalikuwa ya mti. Na mti, mwanangu, ukilala chini katika nchi yenye mchwa, ni chakula kilichokwisha kuandaliwa. Kila msimu magogo yalioza, misumari ikalegea, reli zikaachana, na kila msimu ilibidi yakatwe mengine.

Yalikatwa kwenye ngitili ya Mama Minza. Wasukuma wana desturi hiyo nzuri: mvua zinapoanza, mwenye ardhi huifunga sehemu yake moja, mifugo isiingie, nyasi na miti vikue kwa raha, kiangazi kikikaza, ndipo hufunguliwa, na ndama wakapona. Marehemu mume wake aliingia katika ushirika ule kwa mti. Mwingine alileta reli, mwingine karasha, yeye akaahidi mataruma. Akafa, ahadi ikabaki shingoni mwa mjane. Na ahadi ile ilikuwa imekwisha kuila ngitili pande zote, ukabaki ukingo mmoja wa miti ya mininga kando ya kijito, pale ambapo ndama wake walikuwa wanapata kivuli na majani mabichi wakati nchi nzima ni vumbi. Huo nao ungekatwa, ng'ombe wake wasingeuona mwaka mwingine.

Kwa hiyo nilijiona mwokozi. Nilikuwa nimekata vyuma vya malori mabovu kule Buseresere, nikavinyoosha, nikavichomelea vishikio vya kubana reli. Vilikuwa bapa, vyepesi, vizuri kutazama. Kipya kinyemi, walisema wahenga, na mimi sikuingoja sehemu ya pili ya methali.

"Shikamoo, Mama Minza."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Nimeamka na zawadi yako. Tazama. Miti yako imepona. Haya magogo sasa ni ya kutupa tu, hayana maana tena."

Aliyatazama mataruma yangu kwa muda, kisha akayageukia magogo yaliyorundikwa pembeni.

"Na huyu unayemtoa," akasema, "umemuuliza alikuwa anafanya kazi gani?"

"Nani, Mama?"

"Huyu gogo."

Gervasi, msukuma toroli wetu kutoka Kasulu, mtu ambaye ulimi wake haukujua likizo, akaangua kicheko. "Mama, gogo nalo linajibu? Labda ukilisemesha Kisukuma."

"Kisukuma linakijua," Mama Minza akamjibu bila kugeuka. "Wewe miaka yote hii umekaa hapa hujui hata kuomba maji."

Tukacheka wote. Yeye akaenda zake. Nami nikalichukulia neno lile kuwa ni la mtu mzima asiyejua chuma, nikaendelea kukaza bolti.

Mchana toroli likashuka na mzigo wa kwanza. Lilikwenda vizuri mpaka kwenye kona ya kichuguu. Pale mataruma yangu yaliteleza juu ya kokoto kama sahani juu ya meza iliyomwagikiwa mafuta, reli zikahama nayo, na toroli likapinduka na mawe yake yote. Gervasi alijirusha kwenye nyasi. Aliinuka na mchanga mdomoni, akatema, akajipapasa viungo kimoja kimoja.

"Fundi," akasema, "mataruma yako yamehama. Nadhani yamekwenda kusalimia kwao."

Watu wakacheka kwa sababu alikuwa mzima. Mzee Maduhu, mwenyekiti wa ushirika, hakucheka. Alisimama juu ya yale mawe yaliyomwagika, akaangalia mbinguni kama mkulima.

"Kesho kutwa shoka ziende ngitilini," akasema. "Mvua ikianza itaibeba reli isiyoshikwa, nayo haitamngoja fundi."

Nilikwenda mwenyewe kwa Mama Minza kumpelekea habari ile, kwa kuwa niliona si haki aisikie njiani. Nilimkuta nje ya zizi. Mwanawe Shija alikuwa anawafundisha maksai kazi kabla ya msimu wa kulima. Amewafunga wawili kwenye nira moja, wanaburuta gogo: mmoja mzee, mwenye pembe iliyokatika, na mwingine mweusi, kijana, anayeruka kila anaposikia mjeledi. Nikamweleza. Hakusema pole. Alinionyesha wale maksai kwa fimbo yake.

"Unamwona yule mweusi? Ana nguvu kuliko mwenzake. Nikimfunga na kijana mwenzake wataniparamishia plau kichuguuni. Ndiyo maana anafungwa na mzee."

"Mzee anamfundisha?"

"Ng'ombe anafundisha kwa mdomo gani, baba? Anatembea tu. Yule mchanga akivuta vibaya shingo inamuuma. Akivuta vizuri haimuumi. Msimu ukiisha anajua, na mzee ndipo anapumzika."

"Na wewe unafanya nini?"

"Mimi natazama shingo zao." Kisha akanikazia macho. "Wewe asubuhi ulimtoa mzee siku hiyo hiyo uliyomleta mchanga. Hukuwatazama hata wakitembea pamoja. Halafu ukamtukana mzee kwamba hana maana. Amezibeba reli zenu kwa mgongo, analiwa na mchwa tumboni, hajalalamika. Usimwite takataka mtu aliyekuwa amekubeba."

Ilikuwa kemeo, mwanangu, na alilitoa kwa sauti ndogo ya mtu anayehesabu ndama wake. Lakini alichofanya baada ya hapo sikukitarajia. Alijifunga kanga yake, tukaongozana mpaka kwa Mzee Maduhu, akasimama mlangoni kwake.

"Maduhu, mpe kijana nafasi mpaka mvua ya kwanza. Ikishindikana, sitawangoja mje na shoka. Nitakuja mwenyewe niwaonyeshe miti ya kukata, hata ile ya kijitoni."

"Mama Minza, ile ya kijitoni ndiyo ndama wako."

"Ninaijua. Niliifunga mimi."

Hapo ndipo nilipojua uzito wa mzigo. Kazi yangu ilikuwa imewekewa dhamana ya ng'ombe wa mtu.

Asubuhi yake nilirudisha magogo yaliyokuwa bado na uhai. Nikaweka mti, nikaweka chuma, nikaweka mti tena, nikaweka chuma, kijireli chote hivyo hivyo, nira ya mti na chuma. Toroli likaanza kushuka na mzigo mdogo, nami nikawa nalala kifudifudi kando ya reli, shavu langu kwenye vumbi, natazama shingo zao. Wapita njia waliuliza kama naumwa. Gervasi aliwajibu kwamba fundi anaongea na magogo, wasimkatize, wamefika penye maneno mazito.

Na kweli magogo yalikuwa yanasema. Toroli lilipopita, chuma kililia na kutikisa bolti zote. Mti uliumeza mshindo ukakaa kimya. Kila toroli lilipopinda, chuma kilijongea kidogo, mti haukujongea. Nikajiuliza, huyu anashikwa na nini? Nikachimbua gogo moja nikaligeuza. Mwanangu, sijaisahau ile picha. Tumbo la gogo lilikuwa limejaa alama za meno. Kokoto zilikuwa zimeung'ata mti, zikazama ndani yake, na gogo nalo limezikumbatia. Mti haukulala juu ya kokoto. Ulikuwa umeoana nazo. Chuma changu bapa kilikuwa mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti.

Ndipo yaliponijia yale mataruma ya Shinyanga niliyoyakanyaga utotoni, ambayo tumbo lake sikuwahi kuliona. Lazima nayo yalikuwa yamezing'ata kokoto kwa chini. Nikacheka peke yangu.

Nilirudi kwenye moto. Nilivipasha vile vyuma mpaka vikaiva, nikavikunja kingo zake kuelekea chini, na ncha zake mbili nikazikunja pia, zisimame kama kwato. Kilipotandikwa, chuma kile kikawa na tumbo. Nikalijaza kokoto na kuzishindilia mpaka zikakaza. Chuma kilikuwa chepesi kweli, lakini sasa kilikuwa kimeazima uzito wa ardhi yenyewe. Na ili kisilie, nikakata vipande vya tairi kuukuu nikaviweka kati yake na reli. Moto wa kazi ile niliuwasha kwa yale magogo ambayo mchwa walikuwa wamekwisha kuyamaliza. Hata hayo sikuyatupa.

Gervasi alikuja kutazama. Akazunguka taruma moja, akaligusa kwa kidole cha mguu.

"Fundi, hili si hori la kunyweshea ng'ombe? Umeligeuza tu."

"Ndilo hilo hilo," nikamwambia.

"Basi safari hii nikianguka, niangukie kwenye maji."

Siku tuliyojaribu, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Toroli lilijazwa mpaka juu. Mama Minza alikuja, akasimama pale pale kwenye kona ya kichuguu, fimbo yake imeegemea begani. Nilimsihi asogee. Hakusogea. Toroli likashuka, likaingia kwenye kona, na badala ya ule mlio wa chuma nikasikia mngurumo mzito, kama ng'ombe anayecheua. Likapita. Nikapiga magoti nikashika taruma la kwanza, la pili, la tatu. Yalikuwa yametulia mahali pake.

Mvua ya kwanza ilipiga kwa ukali wa mvua iliyochelewa. Ilipokatika tulitoka wote kwenda kuangalia. Kokoto zilikuwa zimeoshwa zikang'aa, na mataruma yalikuwa mahali pake. Mzee Maduhu akatembea kijireli chote mpaka mwisho, akarudi, akasema neno moja tu kwa kijana wa stoo: "Hizo shoka zifungie."

Mama Minza hakunisifu. Aliuliza: "Na yale magogo mazima, utayang'oa?"

"Hapana, Mama. Yatakaa na wenzao mpaka yachoke yenyewe. Likichoka moja, nitaweka moja."

Akaitikia kwa kichwa. "Wabeja, baba," akasema, shukrani ya Kisukuma, kisha akaenda kuifunga ngitili yake, maana nyasi zilikuwa zinaanza.

Miaka imekwenda. Dhahabu ya duara lile iliisha, kijireli kiling'olewa, na Gervasi alirudi Kasulu na utani wake. Mama Minza amelala huko huko. Nilipita zamani kidogo nikiwa safarini kwenda Geita. Wajukuu wamelima mahindi sehemu kubwa ya ngitili, siwalaumu, watu wameongezeka, lakini mininga ya kijitoni ipo, minene, na ndama walikuwa wamelala chini yake. Nilikaa pale mpaka dereva akaniita. Siku hizi Shinyanga wanatandika reli mpya yenye mataruma ya zege. Vijana wa kofia ngumu wananisalimia nikienda kutazama. Ni kazi nzuri, yenye akili nyingi. Mimi nakumbuka tu ule mngurumo wa kwenye kona, na wale watu waliokuwa wananicheka na kuniombea kwa wakati mmoja.

Sasa sikiliza, mwanangu. Hakuna kijana asiyewekwa siku moja mahali pa mwingine. Utapewa meza ya aliyestaafu, au utaolewa katika nyumba yenye mama mkwe, au utarithi shamba, na utakuja na njia yako mpya. Njoo nayo. Mama Minza hakuniambia niache chuma. Angeniambia hivyo, ngitili yake ingekwisha. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao kabla hujajua mbachao ulikuwa unafunika nini. Anayeondoka alikuwa anashika mambo mengi ambayo hakuna aliyemtuma wala kumsifu kwayo, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya mtu iko tumboni mwa ardhi, na sisi tunaona mgongo tu. Tembea naye kidogo. Tazama yeye anatulia wapi na wewe unateleza wapi. Ukishajua, kunja ubunifu wako ufae, kisha mwache apumzike kwa heshima.

Mungu aibariki mikono yako, ibuni vitu ambavyo sisi hatukuviota. Akupe watu wa kukukemea wakiwa wanakupenda, na wa kukucheka wakiwa upande wako. Na itakapofika zamu yako ya kuwekwa kando, nakuombea aje kijana mwenye nguvu kukushinda, ainame, na akuulize kwanza ulikuwa umeshika nini. Amina.