Anayegonga kwa Mama Agnesi

Scovia alikuwa akichanganya saruji kwenye jengo moja pale Rumonge simu ilipoita. Joanita, jirani wa mama yake kule Kabonga, alimwambia mama ameanguka tena, na safari hii mkono umevunjika.

Alimkuta mama yake, Mama Agnesi, kitandani, mkono umefungwa plasta. Sakafu ilikuwa na mashimo, kizingiti kirefu, na nyuma ya mlango kimekaa kinu kizito cha kutwangia mihogo. Kinu hicho ndicho kilichomwangusha. Kila jua likizama alikisukuma mlangoni, na haukupita muda alikivuta tena ili afungue, peke yake, gizagiza likiingia.

Scovia alijaza mashimo, akasawazisha kizingiti.

"Kinu nakitoa inje, mama."

"Toa. Lakini mlango nitafungua tu."

"Munamufungulia nani?"

Mama aligeukia mlango.

"Leonsi."

Kaka yake. Scovia alijua kwamba Leonsi alipotea wakati wa vita, njiani kwenda ziwani. Ndivyo alivyoambiwa walipokuwa kambi ya wakimbizi Tanzania, na ndivyo alivyowasimulia watoto wake.

"Hakupotea njiani," mama alisema. "Alikuja hapa. Aligonga, akasema, Mama, ni mimi. Nikafikiri wamemukamata, wanamusemesha ili tufungue. Kinu kilikuwa mlangoni. Wewe ulitaka kumuitikia, nikakuziba kinywa. Aligonga mara tatu, akanyamaza. Kulipokucha hapakuwa na mutu, wala damu."

Scovia aligusa midomo yake. Tangu utotoni alikuwa akiota kiganja kinachonuka mawese kikimbana mdomo. Siku zote alidhani ni ndoto tu.

Kesho yake alinunua miti ya mikaratusi, akaiparua ikawa laini, akaigongomea ukutani usawa wa kiuno, kutoka kitandani hadi mlangoni. Komeo akalishusha mahali ambapo mkono mzima ungelifikia.

Joanita alisimama akitazama. "Si ulikuja kumuzuia asiende mlangoni?"

"Ataenda tu," Scovia alijibu. "Basi aende akiwa ameshika kitu."

Jioni ile mama aliinua kichwa ghafla. Scovia hakusikia kitu, ila mawimbi. Mama alishika mti, akaenda hatua kwa hatua, akafungua.

"Ingia, mwanangu."

Akangoja. Upepo wa ziwa ukaingia, ukatikisa chandarua. Akafunga, akarudi vilevile, bila kujikwaa.

"Iko muzuri, huu muti," alishukuru akijilaza. "Murakoze."

Tangu siku ile mama hajaanguka tena. Joanita hupiga simu kila Jumapili kumhakikishia Scovia. Ila kule Rumonge wapangaji wenzake wameona amebadilika. Ukimgongea, hakuulizi wewe nani. Hufungua kabla hujashusha mkono, na kwa muda kidogo anakutazama usoni kana kwamba alimtarajia mtu mwingine.