Siku Gari Lilipoondoka na Mama Mkwe

Mimi siku ya soko sipiti pale Rodi Kopany, na kama ni lazima nipite basi nashusha kofia mpaka kwenye pua. Wanaonijua wanajua kwa nini. Nyinyi hamjui, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe, maana wengine wakisimulia huongeza kwamba nililia, na mimi sikulia (macho yalikuwa yamejaa maziwa, hayo ni mambo mawili tofauti).

Miaka ile ya tisini nilikuwa mtu wa barabara. Nilikuwa na pikapu kuukuu ya rangi ambayo hata mimi siwezi kuapa ilikuwa rangi gani, nikipakia dagaa wa omena Sindo, nikishusha Migori, nikipakia mahindi Isebania, nikishusha Homa Bay, na kama hakuna mzigo nilikwenda tu, kwa sababu kukaa nyumbani siku tatu kulinifanya niwashwe nyayo. Pikapu hiyo nilikuwa nayo kabla sijaoa, kwa hiyo marafiki zangu waliibatiza Mikayi, ambaye kwetu Wajaluo ni mke wa kwanza, mwenye nyumba kubwa katika boma. Tulicheka sana. Mke wangu Akinyi hakucheka.

Mikayi alikuwa na tabia zake. Breki ya mkono ilikufa zamani, kwa hiyo ukitaka asimame mahali pa mteremko unamwacha kwenye gia, hapo hasogei hata aje nani. Mlango wa dereva haukai mpaka ubonyeze kile kifungo cha kufungia halafu ubamize kwa nguvu, la sivyo unafunguka wenyewe. Honi ni nyaya mbili unazigusanisha. Mtu mwingine akimwendesha anazimika kila mita kumi, lakini kwangu mimi alikuwa anakwenda kama maji. Nilimjua kwa miguu, sikumjua kwa akili. Hilo ndilo lililoniponza.

Sasa, siku moja nilirudi kutoka Sindo baada ya siku tisa nikakuta nyumba yetu ya Migori imefungwa. Akinyi alikuwa amemchukua mtoto wetu Atieno, akachukua na cherehani, akaenda kwao, kijiji kimoja kati ya Rodi na Asumbi. Mwanamke anayeondoka na nguo anakwenda kusalimia. Anayeondoka na cherehani, omera, ndugu yangu, hapo uketi ufikiri.

Shemeji yangu Odhiambo, kaka yake Akinyi, alikuja Migori kuniletea ujumbe. Alikunywa chai yote kwanza, halafu akasema, "Dada yangu amekataa kuwa mke wa pili wa pikapu. Anasema uuze hiyo kitu, utafute kazi ya kukaa, halafu uje tuongee. Na ujue anayeamua ni mama."

Hilo nililijua. Baba mkwe alikuwa ameshafariki, na neno la mwisho katika boma lile lilikuwa la mama mkwe, mama mrefu, mnyamavu, ambaye katika miaka saba ya ndoa nilikuwa nimemtazama usoni labda mara mbili. Na sikuwa nimekosa adabu. Kwetu mama mkwe huheshimiwa kwa mbali: huli mbele yake, hukai alipokaa, hata mkono humpi ovyo. Ukimwona njiani unatafuta kichaka cha kujificha, naye anatafuta cha kwake, na kila mtu anaenda zake akiwa ameheshimika.

Nikamuuza Mikayi kwa mzee mmoja wa Awendo anayechoma matofali. Siku ya kumkabidhi, mzee alizimisha gari mara nne kabla ya kufika barabarani, na kila likizimika mguu wangu wa kushoto ulikuwa unakanyaga klachi hewani, peke yake, nimesimama pale kama mlevi. Mzee akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni siafu.

Nikakodi kibanda mjini Migori cha kuuza unga na sukari, na kwa kuwa sikuweza kufikiria maisha bila magurudumu kabisa, nikanunua gari dogo jeupe, moja ya yale yaliyokuwa yameanza kumiminika kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Aliyenitafutia ni Bwana Salim, mtu wa Mombasa aliyekuwa na duka la vipuri pale mjini. Akanikalisha ndani akanieleza, "Hili halina klachi, bwana wee. Gia yajitia yenyewe. Ukishaweka hapa penye D, kazi yako mafuta na breki, basi. Mguu wa kushoto uache ulale."

"Ulale wapi?"

"Popote, mradi usiamke."

Siku tatu nilizunguka Migori nikiwa nimechanganyikiwa. Nikitaka kuonyesha nakata kona, nafuta kioo. Nikitaka kuteremsha kioo changu, kinateremka cha abiria wa nyuma ambaye hayupo. Kitabu cha maelezo kilikuwepo, chote kwa Kijapani, na picha ya mtu anayetabasamu akiwa ameshika usukani, nikamchukia mtu huyo. Lakini siku ya kwenda kwa wakwe ilikuwa imepangwa. Baba yangu mdogo, aliyekuwa msemaji wangu, alitangulia kwa basi. Mimi nikavaa suti na viatu vipya, nikashika njia. Pale Rongo askari wa barabarani alinisimamisha akaniuliza, "Mzee, unafuta nini na jua lote hili?" Nikamjibu ni vumbi. Akaniangalia, akanihurumia, akaniacha niende.

Nikafika Rodi salama. Laiti ningepita tu!

Lakini soko lilikuwa limejaa, nikawa naenda pole pole, na pale kando ya barabara nikamwona Odhiambo akinipungia mikono yote miwili, na nyuma yake amesimama mama mkwe na kibuyu kikubwa cha maziwa ya mgando, ameyatoa kwa dada yake pale Rodi, maziwa ya wageni, yaani ya kwangu mimi. Ningeweza kusema gari lina shida. Ningeweza kusema chochote. Lakini gari lilikuwa linang'aa, watu walikuwa wanalitazama, na mimi nikataka mama mkwe aone kwamba mkwe wake si mtu wa pikapu tena. Nikasema, "Karibuni, pandeni."

Odhiambo akaniinamia dirishani. "Mama atakaa nyuma, mimi mbele. Mimi nikiwepo hapa kati yenu si vibaya."

Akampandisha mama nyuma, akafunga mlango, kisha akapiga paji la uso. "Mkate! Nimesahau mkate. Dakika moja tu, shemeji." Akatokomea sokoni.

Tukabaki wawili. Mimi na mama mkwe, ndani ya gari moja, vioo juu, kimya. Niliangalia usukani kana kwamba umeandikwa kitu. Nilisikia anapumua. Nadhani na yeye alinisikia. Nikaona nifanye kitu, chochote, nikaamua kusogeza gari kidogo tu mpaka kwenye kivuli cha duka lililokuwa mbele, ili mama asichomwe na jua. Nikaweka D, gari likaanza kwenda, mama mmoja mwenye beseni la nyanya akakatiza mbele, na mguu wangu wa kushoto, uliokuwa umelala tangu Migori, ukaamka.

Ukakanyaga klachi kwa nguvu zote, kama ulivyofanya miaka kumi na tatu. Ila klachi haikuwepo. Kilichokuwepo ni breki.

Gari lilisimama kama limegonga ukuta. Mama mkwe hakusimama. Alikuja mbele na kibuyu chake, mikono yake miwili ikanikumbatia shingo, shavu lake likaja hapa, hapa kabisa kwenye sikio langu, na maziwa yote yakanimwagikia kuanzia utosini. "Yaye! Nyasaye!" akamwita Mungu kwa kelele ndani ya sikio langu. Yule mama wa nyanya alikuwa anatutazama moja kwa moja kupitia kioo cha mbele, mdomo wazi. Alichokiona yeye ni mwanamume mwenye suti amekumbatiwa na mama mkwe wake mchana kweupe sokoni Rodi.

Nikaruka nje. Sikufikiri, wala sikuwa na cha kufikiria nacho. Nilijua tu kwamba gari liko kwenye gia, na gari likiwa kwenye gia halisogei, hilo nililijua tangu ujana. Nikabonyeza kifungo cha mlango kama kawaida, nikaubamiza, nikaenda kusimama kando na mgongo wangu kwa gari, nikijifuta macho kwa tai.

Ndipo nikasikia watu wanacheka.

Nikageuka. Gari lilikuwa linaondoka. Pole pole, kwa heshima, kama linakwenda kanisani, limebeba mama mkwe ameketi nyuma wima na kibuyu kitupu mapajani, na kiti cha dereva hakina mtu. Kumbe penye D, ukiondoa mguu kwenye breki, linajiendea! Nikalikimbilia, nikavuta mlango. Umefungwa. Wa pili, umefungwa. Ile kubonyeza kifungo kimoja, kumbe huku ndiko kufunga yote minne! Nikawa nakimbia kando ya dirisha lake, na hapo, jamani, bado nilikuwa najaribu kutomtazama usoni, nazungumza na gurudumu. "Mama, vuta kile kifungo! Kifungo, mama!" Naye kwa adabu yake amegeuza uso upande wa pili. Basi tukaenda hivyo, mimi naongea na gurudumu, yeye anaangalia wauza samaki, na soko zima linatufuata.

"Gari la mizimu!" mmoja akapiga kelele.

"Wacha wewe, ni mama anafundishwa kuendesha!"

"Na mwalimu mbona ameloa?"

Lundo la viazi vitamu ndilo lililotuokoa. Gari liliingiza pua pale, likasimama, likaendelea kunguruma na kusukuma kidogo kidogo kama ndama anayenyonya. Odhiambo akaja mbio, mkate kwapani, akalia kwa kicheko na woga pamoja, akagonga kioo na kumwelekeza mama yake. Hakukuwa na njia nyingine, kifungo cha kufungua yote kilikuwa mlango wa dereva: mama mkwe, mtu mzima yule, alikusanya sketi zake akapanda juu ya viti mpaka mbele, akakaa kwenye kiti changu kilicholoa maziwa, akavuta kifungo. Odhiambo akazima injini. Soko likapiga makofi. Mama akashuka, akajifunga leso vizuri, akaenda kwao kwa miguu.

Nilifika bomani nikinuka kama ndama. Akinyi alikuwa mlangoni kwa mama yake. Habari ilikuwa imeshafika (sijui kwa njia gani, simu hakukuwa). Alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akaingia ndani. Nikasema basi, cherehani haitarudi Migori.

Wazee walikaa wakajadili. Mmoja alisema hili ni jambo la chira, mwiko umevunjwa, lazima kitu kitolewe. Baba yangu mdogo akasimama akajibu, "Ndugu zangu, kijana hakumgusa mama. Gari limemsukuma mama juu ya kijana. Mkitaka kulaumu, laumuni Wajapani." Wakabishana kweli kweli, nani alimgusa nani, na kama mtu anaweza kukosa adabu kwa mguu wa kushoto peke yake. Mimi nilikaa pale nikikauka.

Halafu sauti ya mama mkwe ikatoka ndani ya nyumba yake, kupitia ukuta.

"Mwambieni hivi. Kumwangukia si neno, ni gari. Maziwa si neno, ng'ombe wapo. Lakini alipoona aibu alishuka akakimbia, akanifungia ndani, nikaenda peke yangu na kitu kisicho na dereva. Hivyo ndivyo binti yangu alivyoishi miaka saba."

Wazee wakageuka wakanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu.

"Jumapili aje tena. Na aje kwa miguu. Nataka nimwone anafika pole pole."

Jumapili niliacha gari Rodi kwa muuza viazi (alikuwa ameshanisamehe), nikatembea njia yote na viatu vile vipya. Nilipofika nilikuwa nachechemea, na vumbi lilikuwa mpaka kwenye nyusi. Mama mkwe alikuwa uani. Alinitazama nikiingia mpaka nilipokaa, halafu akaenda kuchota maji ya kunywa, akamtuma Akinyi aniletee. Hayo ndiyo maneno yote.

Alasiri Akinyi alitoka na Atieno, na Odhiambo akabeba cherehani kichwani mpaka Rodi. Nilipofungua mlango wa gari Akinyi hakuingia. Alisimama akauliza, "Ni mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Vua kiatu."

"Akinyi, watu wanatazama."

"Baba Atieno, vua."

Nikavua. Akakichukua, akapanda mbele, akakiweka mapajani, akakishika kwa mikono yote miwili kutoka Rodi mpaka Rongo, Awendo, mpaka Migori. Kila ulipotaka kuamka, mguu ulihisi baridi ya chuma cha sakafu, ukakumbuka, ukalala. Tangu siku ile nimejiapiza, nami sijavunja: sishuki kwenye gari kabla ya niliowabeba kushuka, hata nione aibu kiasi gani.

Kwa hiyo Migori nilikaa kwenye usukani nikangoja. Atieno akashuka, cherehani ikashushwa, Akinyi akashuka, akafunga mlango polepole. Nikanyoosha mkono.

"Kiatu changu?"

"Kesho," akasema, akaingia nacho ndani.