Mwalimu mwenye alikataa kujibu

Na tena hiyo ya kusema eti alikausha ng'ombe ya watu, hiyo njo inaniumiza roho kuliko yote. Hapana, muniache nimalize! Ku barza mulinikata maneno mara tatu. Sasa ninaandika, tutaona nani atakata karatasi maneno.

Ninasema juu ya Mwalimu Léontine wa hapa Nyamitaba, mwenye kufundisha watoto ya mwaka wa kwanza na wa pili. Barua iko kwa Padri mukubwa wa mashule. Chini yake kulitiwa vidole kumi na mbili ya wazazi, vyeusi kabisa, na juu inasema huyu mwanamuke afukuzwe. Padri atakata neno siku ya Mungu, kiisha misa. Leo ni siku ya ine. Muhesabu wenyewe.

Miye siko mutu ya vitabu. Niliacha masomo mwaka wa tatu, ninauzisha chumvi ku soko ya Mweso, na mutu akinichezea ninamushika shingo. Jina yangu Gustave. Lakini hii mambo niliona na macho yangu, na kipande yake moja nilikamata na mukono.

Léontine alizaliwa Karuba, mutoto ya Papa Albert mwenye kulima maharagi. Mu mwaka 1940 Papa Albert alikufa, na mutoto akaenda kwa masere, wale watawa wanawake wa misioni, kazi ya jikoni. Alikuwa na miaka kumi na moja. Miaka sita aliosha vyungu, alichuna viazi, alichemusha maziwa ya masere kila asubui. Kulikuwa sere moja muzee wa kupika, mukali sawa pilipili. Léontine akisema "chumvi imetosha", sere anauliza: "Umeonja, ao umesikia?" Akisema "kuni imeisha": "Umeona, ao umesikia?" Kila siku vile, mupaka mutoto alikuwa analia. Kiisha akazoea. Kiisha akajua kusoma, akaandika egzame ya mwalimu, na mwaka 1951 wakamutuma hapa kwetu na sanduku moja ya mbao. Hajaolewa. Najua vile munasemanga juu ya hiyo, na sitarudia hapa, maana nitatukana mutu.

Mu darasa yake kuko watoto ya Wahunde wa hapa mulimani, kuko watoto ya wale wenye walitoka Rwanda na kazi ya plantasio, kuko wawili wa Walikale, baba yao Marcellin anapasulanga mbao. Kila mumoja na luga yake nyumbani. Na mwalimu iko na kaye moja kubwa, daftari ya kuandikia. Ku ukurasa wa kushoto aliandika TULISIKIA. Ku wa kuume, TULIONA. Mutoto akileta neno, wanaliandika kushoto, kiisha wanatoka kuangalia. Njo maana munakutanaka nao wamelala tumbo kando ya muferezi wakipima udongo na kijiti, na munasema: "Angalia, mwalimu muvivu, watoto wanacheza." Hawachezi. Wanatafuta ukurasa wa kuume.

Basi mwaka huu, 1957, mwezi wa tatu, mutoto wa Marcellin, jina Élisabeth, miaka kenda, aliona Verdiane anakunywa maziwa mbichi mu kibuyu. Verdiane ni binti ya Papa Kanyamibwa, kapita, musimamizi wa kazi ku plantasio ya maua ya piretri.

"Iyo! Munakunywa bila kuchemusha?"

"Weye mutu ya porini, utajua nini juu ya ng'ombe? Ukichemusha maziwa, chuchu inapasuka, ng'ombe inakauka. Ni muziro, mwiko ya wazee!"

"Umeona, ao umesikia?"

Darasa lote likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliandika kushoto: *Tulisikia: ukichemusha maziwa, ng'ombe inakauka.* Kuume akaacha bure.

Sasa musikie vizuri. Mwalimu alijua! Miaka sita alichemusha maziwa ya masere, na ng'ombe yao haikukauka hata siku moja. Kiisha mambo yote niliuliza, na kasirani: "Lakini dada Léontine, juu ya nini hukuwaambia tu, yakaisha?" Akanijibu pole pole: "Gustave, nikiwaambia, watatoka mu kinywa ya bibi yao, wataingia mu kinywa yangu. Kinywa ni kinywa."

Alienda kwa Papa Kanyamibwa kuomba ng'ombe. Nilikuwa pale, nilipeleka chumvi. Kanyamibwa alicheka mupaka kofia ikaanguka.

"Gaju yangu? Muichemushie maziwa? Mwalimu, unakunywa nini asubui?"

"Siku kumi na ine, Papa. Mudogo wako Evode atakamua sawa kila siku. Watoto watachemusha maziwa ku masomo na kupima."

"Na ikikauka?"

Mama Mukasine, mama ya Kanyamibwa, alisimama mu mulango na mikono ku kichwa. Mwalimu akaangalia watoto, akasema:

"Ikikauka sababu ya chungu, nitatoka Nyamitaba na miguu yangu."

"Watu wamesikia!" Kanyamibwa akasema. Tulisikia kweli.

Ikaanza. Kila asubui Evode alikamua, maana Kanyamibwa anaendaka plantasio mbele ya jua. Watoto walisimama ku lupango, zizi ya ng'ombe, wakaingiza kijiti mu kibuyu, wakakata alama. Maziwa yote ikaenda mu chungu ya masomo, ikachemka. Mwalimu aliwaambia: "Chora kila kintu, hata yenye haina maana." Wakachora Gaju, wakachora majani, wakachora ndama yake, nyekundu, mguu wa nyuma wa kushoto mweupe sawa soksi ya Padri. Siku ya kwanza mupaka ya tano, alama ilisimama fasi moja.

Siku ya sita, maziwa nusu. Ya saba, kidogo kabisa. Ya nane, Gaju ilipiga teke, hakukutoka hata tone.

Nyamitaba ikawaka. Mama Mukasine alilia ku njia sawa mutu amekufa. Siku ya kenda barua ikaandikwa, vidole vikatiwa rangi. Siku ya kumi nilimuona Papa Kanyamibwa akiingia mu darasa na fimbo, kofia mukononi, na hiyo ya kofia iliniogopesha kuliko fimbo.

"Mwalimu. Nilikupa ng'ombe."

"Ndiyo, Papa."

"Zima moto."

"Papa, bakia siku ine. Watoto hawajajua."

"Hawajajua nini? Kipofu anajua! Nitarudi siku ya kumi na mbili na wazazi wote. Chungu hiyo nitaipasua miye mwenyewe, na weye utafunga sanduku."

Akatoka. Verdiane alikuwa analia, maana alionewa na darasa na alionewa na nyumbani. Mwalimu, watoto walinihadisia, chaki ilimuanguka mara mbili. Lakini alifungua kaye.

"Siku ya sita, nini iligeuka?"

"Tulichemusha," mumoja akasema.

"Tulichemusha tangu siku ya kwanza. Siku ya sita. Nini iligeuka?"

Élisabeth akasimama: "Siku ya sita Papa Evode alitufukuza ku lupango."

"Alisema harufu ya moshi yetu inaharibia Gaju," Verdiane akaongeza. "Kutoka hapo ninapewa kibuyu ku mulango."

"Basi kutoka hapo hamukuona kintu. Mulisikia tu."

Siku ya kumi na moja, asubui sana, wale wabinti wawili walilala chini nyuma ya lupango na kuchungulia mu matundu ya miti. Ndama ilikuwa mule. Nyekundu. Miguu yote ine nyekundu.

Walikuja kwangu mbio, matope mupaka ku magoti.

"Kaka Gustave, weye unazungukanga kila fasi. Uliona ndama nyekundu, mguu wa nyuma wa kushoto mweupe?"

Kwanza nilitaka kuwafukuza, nilikuwa ninafunga mifuko. Kiisha damu ikanipanda. Niliona! Siku ya soko ya Mweso, Evode alinunua chumvi kwangu, ndama hiyo ku kamba nyuma yake. Nilimuuliza: "Unaipeleka wapi?" Akasema: "Kwa shemeji, ikapumuzike." Na miye na akili yangu yote nikapima chumvi, nikaendelea na mutu mwingine.

Nilimukuta Evode ku njia ya plantasio.

"Weye mwizi! Ndama iko wapi?"

"Siko mwizi! Niache shati! Niliiokoa!"

"Uliiokoa na nini?"

"Na chungu yenu! Kama chuchu itapasuka, ndama yenye kunyonya itakufa ya kwanza. Nilibadilisha na ya shemeji. Siku kumi na ine ikiisha, ningeirudisha."

"Na chumvi?"

Akaangalia chini. "Nilipaka ku mugongo ya ndama ingine. Gaju ilambe, izoee."

"Ikazoea?"

"Ililamba chumvi. Maziwa ikafunga."

Nilimuachilia. Ningemupiga, lakini machozi yalikuwa tayari. Evode anajua ng'ombe kuliko sisi wote. Anajua vizuri ng'ombe ya huku, bila harufu ya ndama yake, inafunga maziwa. Aliogopa ng'ombe itakauka, na kwa woga hiyo akaikausha yeye mwenyewe, na kiisha akaona imekauka, akasema: si munaona, muziro! Na sisi wote tukasema naye.

Mangaribi ileile tulileta ndama kutoka Mweso, tukiivuta na kuisukuma.

Siku ya kumi na mbili wazazi walikuja na fimbo. Mwalimu alikuwa amewasha moto mu kiwanja ya masomo, na sanduku yake ilikuwa kando ya mulango, imefungwa. Nilimuambia: "Dada, ndama imepatikana!" Akasema: "Tuone." Alikuwa anaogopa. Hata yeye hakukubali kusikia tu.

Evode alileta Gaju mu kiwanja, mbele ya watu wote. Ndama ikaachiliwa. Gaju ikanusa mukia, ikanusa tumbo, ikalamba ule mguu mweupe, ikalia chini chini. Ndama ikasukuma chuchu. Evode akaisogeza, akaweka kibuyu. Nikasikia: shii, shii, shii. Maziwa ikaingia mu chungu ileile, ikachemka mbele yao. Siku ya kumi na tatu, nusu. Ya kumi na ine, alama ikarudi fasi yake. Na moto haikuzimwa hata asubui moja.

Ku kaye, kuume, watoto waliandika: *Tuliona: ndama iliondoka, maziwa ikafunga. Tuliona: ndama ilirudi, maziwa ikarudi. Chungu ilichemka siku zote kumi na ine.* Élisabeth aliandika chini: *Tuliona ng'ombe moja tu. Inabakia kuangalia ingine.*

Na sasa? Papa Kanyamibwa hakupasua chungu. Alivaa kofia yake, akaenda. Wengine wakatafuta neno jipya: eti mwalimu alifundisha watoto kuchungulia baba yao mudogo, eti mutoto ataheshimu nani sasa. Ni nani alificha ndama, mutoto? Na barua haikutoka kwa Padri. Iko pale mupaka leo na vidole yake, inasema ng'ombe ilikauka na chungu, na kila mwenye kidole aliona kama si vile. Sanduku ya mwalimu ingali kando ya mulango.

Evode alitia kidole wa kwanza. Jana alienda kwa Padri peke yake, akasema "nilikosea", wakafuta kidole yake. Inabakia kumi na moja. Papa Kanyamibwa, yako iko ya pili, ninaijua, iko na kovu.

Siku ya Mungu, mbele ya misa, Padri atakuwa mu biro yake. Weye mwenye kidole ku ile barua, usitume mutoto, usitume bibi yako, usiseme mvua. Enda weye mwenyewe, useme chenye uliona, utoe kidole yako.