Pamba Chumbani

Barua ile sikuiandika, na hadi leo sijutii.

Ulikuwa mwaka wa korona, shule zilipofunguliwa baada ya likizo ile ndefu. Mimi ni nesi, mzaliwa wa Lushoto, niliyepangiwa zahanati ya kijiji kimoja kwenye njia ya kutoka Bariadi kwenda Lagangabilili. Nikakabidhiwa pia shule ya msingi ya pale. Kila asubuhi nilisimama langoni na kipima joto, nikiwasimamia watoto wanawe mikono, na kuwakatalia kunipa mkono, maana huku mtoto hampiti mkubwa bila kupiga goti na kumshika mkono. "Mwangaluka, mayu!" walinisalimia kwa Kisukuma kwa mbali, wakiniita mama na kucheka.

Msichana mmoja wa darasa la saba alikuwa anakohoa. Alikohoa mpaka akaegemea ukuta. Wazazi wakaanza kuwazuia watoto wao kuja shule. Kamati ya shule ikakaa, na mwenyekiti akaniambia mbele ya walimu niandike barua kwamba ana korona, akae nyumbani mpaka ugonjwa uishe.

"Uishe lini?" nikauliza.

"Nesi, wewe andika tu."

Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Msichana wa umri ule akirudishwa nyumbani, ng'ombe wa mahari hufika kabla ya matokeo. Nikasema siandiki. Nilikuwa nimempima: homa hana, kifua kinapiga mluzi, asubuhi hoi, mchana anaimba na wenzake. Korona gani hiyo inayofuata saa?

Jumamosi nikaenda kwao. Mama yake alinipa kigoda, tukasalimiana vizuri. Nikaomba kuona binti anapolala. Akaona swali la ajabu, lakini akafungua mlango.

Pamba. Ukuta hadi ukuta, imepanda mpaka karibu na kenchi za paa. Watoto wanne walilala juu yake, kila mmoja na kishimo chake kama kuku anayeatamia. Msimu ule wanunuzi walichelewa, na huku pamba hulala ndani na watu, maana nje kuna ng'ombe na wezi. Nilivuta pumzi mbili tu nikaanza kupiga chafya.

"Mayu, hii ndiyo inayomkohoza."

"Pamba?" Akacheka. "Mbona hata mimi nimekulia humo humo?"

Baba mtu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema pamba haitoki mpaka gari la wanunuzi lije.

"Basi nipeni mtoto," nikasema.

Hata mimi nilishtuka kujisikia nikisema hivyo. Mama akaingia ndani, akarudi na sare za shule na madaftari ya bintiye.

Kijiji kikasema nesi kaleta kifo nyumbani kwake. Jirani akawa haji bombani nikiwepo. Mwenyekiti alinisimamisha njiani: "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nesi. Wewe mgeni hapa."

"Hicho kitanda nimekiona, mwenyekiti. Ndicho kinachomuumiza."

Lakini niseme kweli, niliogopa sana. Kipimo cha korona sikuwa nacho. Nilikuwa na masikio yangu na kifaa cha kusikilizia kifua, basi. Nilimpa chumba cha mbele, madirisha wazi kutwa, nikavaa barakoa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kila akikohoa, nilimpima joto upya. Siku ya nne aliamka hajakohoa. Wiki ya pili alikuwa akinitangulia bombani, nami nikihema nyuma yake na ndoo.

Jumatatu iliyofuata tulikwenda shule pamoja, mara yake ya kwanza tangu ahamie kwangu. Dawati lake walikuwa wamelitoa nje, lipo juani chini ya dirisha. Nilishika upande mmoja, yeye akashika mwingine, tukaliingiza darasani na kuliweka mstari wa mbele, walimu wakiangalia. Mtihani ulipofika, akaufanya.

Kabla ya mtihani huo lakini, mwenyekiti alikuja zahanati amemshika mkono mjukuu wake wa darasa la tatu. Mtoto anakohoa. Mzee hakukaa hata nilipomwonyesha benchi.

"Nesi," akasema kwa sauti ya chini, "tafadhali, usimwandikie barua."

"Sijawahi kuiandika," nikamjibu, nikivaa kifaa changu masikioni. "Pamba yako umeiweka chumba gani?"