Milango Iliyokataa Kufunguka

Leo nimelifunga gari la mteja bila kutumia kufuli.

Ni lile gari dogo la mbio, lisilo na paa, la msimamizi wa shamba la kahawa kule Ruiru. Kutu ilikuwa imekula chuma chote chini ya milango. Hapa gerejini Thika niliiomba kazi hiyo mwenyewe, ili fundi mkuu aone kwamba siku hizi naweza kupewa gari zima, si kupiga msasa tu.

Nilipima milango kwa makini.
Nikainua gari kwa jeki, mbele na nyuma.
Nikakata kutu, nikachomelea bamba jipya, kisha chuma kingine cha kuliimarisha.

Katikati sikuweka kitu cha kulishikilia. Gari likashuka tumbo kidogo, nami nikalichomelea likiwa hivyo hivyo.

Nafasi za milango zikapungua, milango ikabanwa. Hata teke halikusaidia.

“Mwalimu,” akanitania mwenzangu Wafula, “si ulipima?”

“Nilipima milango.”

“Basi milango haina makosa.”

Mwenye gari akafika. Akauruka mlango, akaketi, akatikisa usukani.

“Imara sana!”

Nikapumua. Wafula akatazama dari.

“Jumapili nampeleka mama mkwe kanisani,” mteja akaongeza.

Jamani! Ilibidi nimwambie ukweli.

Fundi mkuu hakunifukuza. Alinipa msumeno wa mkono wa kukatia chuma. “Kata ulichochomelea.”

Nimekata hadi jioni, na msumeno umeingia kina cha ukucha tu.

Chekeni mtakavyo, lakini mkubali kwamba nilichomelea vizuri.