Jogoo wa Gotini

Mimi ni mtu wa nyumbani. Si sifa, ni tabia tu. Kazi yangu ya kutengeneza redio niliifanyia barazani kwangu, hapa Mwabungo, na safari yangu ndefu ilikuwa kutoka barazani hadi msikitini na kurudi. Kwa hivyo goti langu la kulia lilipoanza kulia kama bawaba ya mlango mkuukuu, mke wangu hakunipa pole. Aliniuliza, "Limechakaa kwa safari gani?"

Maumivu ningaliyazoea. Nilichoshindwa kukizoea ni kile kiti. Msikitini waliniwekea kiti cha plastiki mwisho wa safu, nikawa naswali nimekaa. Wenzangu wote wakisujudu, mimi hubaki juu peke yangu, naangalia migongo yao kama msimamizi wa kibarua. Ruhusa ipo, najua, mgonjwa halazimishwi. Lakini Ramadhani ilikuwa ikikaribia, nami nilitaka jambo moja tu: niswali tarawehe chini, paji la uso liguse mkeka.

Habari za sindano zililetwa na mpangaji wetu, bwana mmoja wa bara aliyekuwa akifanya kazi hotelini Diani.

"Mzee, dawa imepatikana," alisema. "Mgeni wetu Mjerumani alidungwa jeli kwa goti. Sasa anapanda ngazi ni kama anafukuzwa na polisi."

"Jeli ya nini?"

"Inatolewa kwa jogoo. Ile nyama nyekundu ya kichwani. Na kuna ingine ya maji ya sukari."

Mke wangu, aliyekuwa akichuja tui, aliweka kifumbu chini apate kucheka vizuri. "Mdungeni ya jogoo. Awike alfajiri, mwadhini naye apumzike."

Nikajikokota hadi Msambweni kwa daktari wa mifupa. Aliitazama picha ya goti, akanionyesha pale ambapo gegedu, ule utando mgumu unaotenganisha mifupa, lilikuwa limelika. Nikamwomba anilinganishie hizo sindano.

"Tuliyo nayo hapa ni ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe; huzima moto wa gotini," alisema. "Ikikubali, utapata nafuu wiki kadhaa, pengine miezi. Lakini hatuirudii ovyo, maana inaweza kulidhuru goti lenyewe. Hiyo ya jogoo ni kama mafuta ya bawaba. Hudungwa zaidi ya mara moja, nafuu yake huja polepole, na wako wasioiona kabisa. Hapa haipo, itabidi iagizwe."

"Na ya sukari?"

"Hiyo huuchokoza mwili ili ujitengeneze wenyewe. Wako wanaoisifu. Mimi sijaona ushahidi wa kutosha."

"Sasa ipi itakayoliotesha gegedu upya?"

"Hakuna." Alilitamka kwa uchovu, kama mtu aliyelirudia tangu asubuhi. "Kinachosaidia zaidi ni kutembea, kupunguza tumbo, na kuipa misuli ya paja mazoezi."

Nilijifanya sikusikia. "Daktari, huyo jogoo alichinjwa na nani?"

Aliweka kalamu mezani. "Mzee, nimeulizwa bei, nimeulizwa kama inauma. Hilo, wewe ndiwe wa kwanza."

"Goti lenyewe nalitakia sijida. Nitasujudu vipi juu ya kibudu?"

Nilipomfikishia imamu wetu swali hilo, alicheka kwanza. "Wewe umekatazwa kumla kibudu. Kwani goti utalila?" Kisha akasema kwa upole kwamba dharura ina mlango wake, ila nianze na mlango ulio karibu.

Uliokuwa karibu ulikuwa steroidi. Nilidungwa siku chache kabla ya mwezi kuandama. Usiku wa kwanza wa tarawehe nilishuka taratibu, mkono mmoja sakafuni, na goti likakubali. Mkeka ulinuka vumbi na nyayo za jirani. Nilikawia kuinuka mpaka aliye kando yangu akakohoa.

Nafuu ile ilinifikisha Idi. Baada ya hapo ikaanza kuondoka kimyakimya, kama mgeni asiyetaka kuaga. Nilimrudia daktari, akasema tusiharakishe nyingine. Nikarudi kitini.

Siku hizi kiti kama kile ninacho nyumbani pia. Nakaa, nanyoosha mguu mbele, naushikilia hapo mpaka paja litetemeke, naushusha. Dawa ya kuchosha, haina hata jogoo wa kuchekesha.

Jana nilirudi kutoka msikitini mke wangu akaniuliza, "Leo umesujudu?"

"Kichwa kimesujudu. Goti limetuma salamu."

Akaniwekea viatu mlangoni. "Basi lipeleke matembezini, likazipeleke lenyewe siku moja."

Tulitembea hadi mnazi wa tatu. Nikaomba tupumzike. Tukapumzika, kisha akanivuta mkono twende hadi wa nne.